Mashine ya Vinasaba na Bomba la Maji: Mjadala wa Mboko

Katika muda usiozidi miaka ishirini, vyombo vya utafiti wa magonjwa vimepungua ukubwa na bei kiasi kwamba kazi iliyokuwa ikifanyika katika maabara kubwa za Ulaya na Marekani pekee sasa inaweza kufanyika juu ya meza ya hospitali ya mkoa, na hali hiyo imezua swali ambalo watengenezaji wa vyombo hawana jibu lake: vifike hadi wapi, na vikifika vimfanyie nini mgonjwa? Swali hilo lina uzito wa pekee Mboko, mji mdogo ulioko kando ya Ziwa Tanganyika katika teritwari ya Fizi, Kivu Kusini, kwenye barabara itokayo Uvira kuelekea Baraka, jirani na kambi ya Lusenda inayohifadhi wakimbizi wa Burundi tangu mwaka 2015. Kipindupindu, au kolera kama wakazi wanavyokiita, kiliingia katika mwambao huu mwishoni mwa miaka ya 1970 na hakijaondoka. Na tangu mwaka 2023 Kivu Kusini imekuwa pia chimbuko la aina mpya ya mpox, ugonjwa wa vipele uliokuwa ukiitwa ndui ya nyani.

Mjadala unaofuata umepangwa kwa sauti nne: mtafiti wa maabara aliyesomea Bukavu, muuguzi wa kituo cha afya, mwalimu wa sekondari, na mama mchuuzi wa ndagala. Hazina majina, kwa kuwa hazimwakilishi mtu fulani bali hoja zinazogongana kila mradi mpya wa utafiti unapofika katika mwambao huu, na hazikupewa nafasi sawa, kwa sababu hoja zenyewe hazilingani uzito.

MTAFITI: Chombo cha kuanzia mjadala ni mashine ya kusoma jenomu, yaani jumla ya vinasaba vya kiumbe, maelekezo yote ya urithi yaliyoandikwa kwa herufi nne za kikemikali. Ile inayoitwa MinION hutosha kiganjani na huchomekwa kwenye kompyuta ya mkononi. Ndani yake mna utando wenye vitundu vidogo mno. Uzi wa DNA unapopenya katika kitundu huusumbua mkondo wa umeme unaopita hapo, kila mpangilio wa herufi ukiusumbua kwa namna yake, nayo programu huutafsiri usumbufu huo kuwa maandishi. Mwaka 2015, wakati Ebola ikiendelea kuua Guinea, watafiti walisafiri na mashine za aina hiyo katika mizigo yao ya ndege, wakasoma virusi kutoka katika sampuli 142 huko huko nchini, na baadhi ya majibu yalitoka kabla ya saa 24 kwisha. Kilichowezekana Guinea hakishindikani Kivu, na mfano wa Kamituga unatosha kuthibitisha kwamba hakiepukiki.

Mfano huo unastahili kuelezwa kwa utulivu, kwa kuwa ndio msingi wa hoja nzima ya mtafiti. Kamituga ni mji wa wachimba dhahabu katika teritwari ya Mwenga, kaskazini-magharibi mwa Fizi. Kuanzia Septemba 2023 hospitali ya mji huo ilianza kupokea wagonjwa wa mpox ambao hawakufanana na wale waliozoeleka katika misitu ya Kongo: badala ya watoto waliogusa nyama ya porini, walikuwa zaidi watu wazima, wengi wakiwa na vidonda sehemu za siri, na katika wagonjwa 108 waliothibitishwa hadi Januari 2024, takriban theluthi moja walikuwa wanawake wanaofanya biashara ya ngono kwenye baa za mgodini. Timu za Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Tiba, INRB, ambamo Placide Mbala-Kingebeni anaongoza kazi ya jenomu, pamoja na watafiti wa Kivu Kusini kama Leandre Murhula Masirika, ndizo zilizosoma virusi hivyo, na usomaji ukaonyesha mambo mawili. La kwanza, mabadiliko ya herufi yalikuwa na alama inayoachwa na kimeng'enya cha kinga katika mwili wa binadamu, ishara kwamba virusi vilikuwa vikipita kutoka mtu hadi mtu, si kutoka mnyama hadi mtu. La pili, kipande cha jenomu kilikuwa kimepotea.

Kupotea kwa kipande hicho kuna maana kubwa kuliko sauti yake. Kipimo kinachoitwa PCR hutambua kijidudu kwa kukizidisha kipande cha vinasaba vyake mara mamilioni hadi kionekane, lakini kabla ya kuzidisha lazima vianzio, yaani vipande vifupi vilivyotengenezwa maabara, vishikamane na mahali maalumu pa jenomu. Kipimo kimojawapo kilichotengenezwa Marekani ili kutofautisha aina ya kwanza ya mpox, ambayo ndiyo kali zaidi, na aina nyingine, kilikuwa kinatafuta mahali hapo hapo ambapo virusi vya Kamituga vilikuwa vimepapoteza. Kipimo cha jumla cha mpox kiliendelea kuviona, lakini kile cha kutofautisha kingejibu kwamba aina kali haipo, ilhali ipo kitandani. Mashine isiyosoma ila kutafuta ilichofundishwa kutafuta haiwezi kujua kwamba imepofuka. Ni usomaji wa jenomu nzima pekee uliolifichua pengo hilo. Aina hiyo mpya ilipewa jina la Ib, ikasambaa hadi Uvira na miji mingine ya ziwa, ikavuka mpaka, na tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya kimataifa, siku moja baada ya kituo cha Umoja wa Afrika cha kudhibiti magonjwa kutangaza ya kwake.

MUUGUZI: Docta ameeleza vizuri, ila ameanzia katikati. Kabla ya mashine yoyote kusoma herufi yoyote, kuna mhudumu aliyemvua mgonjwa nguo, akaona vidonda mahali ambapo havikuzoeleka, akavihesabu, akaandika katika rejista, na akakataa kuviita kaswende au tetekuwanga. Asingeandika, sampuli isingechukuliwa. Na baada ya herufi kusomwa, mgonjwa wa Kamituga alibadilishiwa nini? Alioshwa vidonda, akapewa dawa ya maumivu, chakula na maji, akatengwa na wenzake, jambo ambalo muuguzi yeyote angelifanya bila kujua herufi ya Ib.

MTAFITI: Basi Muganga atazame upande wa dawa. Kulikuwa na kidonge kiitwacho tecovirimat, ambacho wengi walikitumainia, na ambacho kingeweza kuagizwa kwa fedha nyingi na kugawiwa kwa imani tu. Kilijaribiwa hapa hapa Kongo, Tunda katika Maniema na Kole katika Sankuru, kwa njia ya jaribio la kubahatisha, maana yake wagonjwa 597 waligawanywa kwa bahati katika makundi mawili, moja likipewa dawa na jingine kidonge kisicho na dawa, bila mgonjwa wala mhudumu kujua nani amepewa nini. Matokeo yaliyotangazwa Agosti 2024 yalikuwa kwamba dawa haikuharakisha kupona kwa vidonda. Hiyo nayo ni mbinu ya utafiti, na faida yake ilikuwa kuiokoa nchi isinunue matumaini.

MUUGUZI: Jaribio hilo hilo linasema jambo jingine ambalo Docta amelipita haraka. Katika makundi yote mawili, waliokufa walikuwa asilimia 1.7 tu, idadi iliyo ndogo kuliko ile iliyokuwa ikiripotiwa nchini kwa jumla, kwa sababu kila mgonjwa alilazwa, akalishwa, akatazamwa kila siku na kutibiwa maambukizi mengine. Dawa mpya haikuonyesha nguvu, ila uuguzi wa zamani ulionyesha.

Hapa muuguzi ana haki, na ni ajabu kidogo kwamba tokeo hilo la pili halikuvuma kama la kwanza. Hata hivyo hoja yake kubwa zaidi haiko katika mpox bali katika kipindupindu, ugonjwa ambao Mboko inaujua vizuri zaidi, na ambao utafiti wake bora katika ziwa hili ulifanywa karibu bila mashine.

MUUGUZI: Uvira kuna mtambo wa maji wa Regideso, shirika la maji la serikali, na kuna kituo cha kutibu kipindupindu. Mtambo una daftari la maji yaliyosukumwa kila siku. Kituo kina rejista ya wagonjwa waliolazwa kila siku. Watafiti waliyaweka madaftari hayo mawili pamoja, kuanzia mwaka 2009 hadi 2014, na kwa hesabu wakauliza: mtambo ukisimama leo, nini hutokea kituoni katika siku 12 zinazofuata? Jibu lilikuwa kwamba siku moja bila maji ilifuatwa na wagonjwa zaidi ya mara mbili na nusu ikilinganishwa na siku ya maji ya kutosha, na kwamba takriban mgonjwa mmoja kati ya kila wanne wa kipindi chote alihusiana na upungufu wa maji ya bomba. Umeme ukikatika mabomba hukauka, mabomba yakikauka watu hushuka ziwani na ndoo, na baada ya siku chache vitanda hujaa. Kwa matokeo hayo hakuna jeni hata moja lililosomwa. Kilichotumika ni kalamu ya mhudumu wa mtambo, kalamu ya muuguzi, na mtu anayejua hesabu.

Hoja hiyo ingeweza kufunga mjadala kama ingekuwa ni shindano la vyombo, lakini si hivyo. Hesabu iliyotumika, ambayo hufuata mfululizo wa siku na kutenganisha athari ya mvua, ya majira na ya kuchelewa kwa ugonjwa kujitokeza, ni mbinu ya utafiti kama nyingine yoyote, hata kama haina taa zinazowaka, na inafaa kukumbukwa kwamba katika mazungumzo kuhusu teknolojia mpya vyombo visivyoonekana kwa macho husahauliwa kwanza. Tofauti iliyopo ni kwamba mbinu hiyo hailazimishi sampuli kusafiri. Inadai rejista ziandikwe kwa uaminifu, jambo ambalo nalo lina gharama: mhudumu anayelipwa na daftari lisilolowa.

MTAFITI: Rejista inaandika kile ambacho mwandishi anadhani. Mgonjwa wa kuharisha sana akifika usiku, huandikwa kuwa mshukiwa wa kipindupindu, na ndivyo inavyopasa, kwa sababu matibabu hayangoji. Lakini vipimo vya haraka vilipotumika Uvira kati ya mwaka 2016 na 2020, chini ya nusu ya waliopimwa walionekana kuwa na kipindupindu. Kipimo chenyewe ni kijiti cha karatasi kinachotumbukizwa katika kimiminika cha kinyesi, na baada ya dakika kama 15 hutokea mstari mmoja unaoonyesha kwamba kijiti kinafanya kazi, au zaidi ya mmoja kuonyesha kwamba kijidudu kipo. Hakihitaji umeme wala friji. Muganga akikikosa kijiti hicho, serikali inapeleka chanjo mahali ambapo watu wanaharisha kwa sababu nyingine, na inapaacha pale ambapo kipindupindu chenyewe kipo.

MUUGUZI: Kwa kijiti hakuna ugomvi. Ugomvi ni kwa mashine.

MAMA MCHUUZI: Docta na Muganga wanazungumza kama vile ugonjwa unatoka rejistani. Kila kipindupindu kinapoanza, wa kwanza kushutumiwa ni ziwa na samaki wake. Mwenye beseni la ndagala sokoni huambiwa afunge, mvuvi huambiwa asitie mtumbwi majini, na ufuko hunyunyiziwa dawa. Kama mashine hiyo inasoma kila kitu, iseme: ugonjwa unatoka ziwani, au unatoka kwa watu?

Swali la mama mchuuzi ndilo zito kuliko yote katika mjadala huu. Kwa miongo mingi wataalamu walibishana iwapo Vibrio cholerae, bakteria anayesababisha kipindupindu, huishi muda wote katika maji ya maziwa makuu na kuibuka joto linapopanda, au huletwa na wasafiri na kuenea kwa sababu ya uchafu wa maji ya kunywa. Nadharia hizo mbili zinadai hatua tofauti kabisa: ya kwanza inaelekeza macho kwa ziwa, hali ya hewa na samaki, ya pili inaelekeza kwa bomba, choo na njia za wasafiri. Hadubini haiwezi kuamua, kwa sababu bakteria wa pande zote mbili wanafanana.

MTAFITI: Mama ameuliza swali ambalo mashine imelijibu. Mwaka 2017 jarida la Science lilichapisha utafiti uliosoma jenomu za bakteria 1,070 wa kipindupindu, waliokusanywa katika nchi 45 za Afrika katika kipindi cha miaka 49, ikiwemo Kongo. Jenomu zikipangwa kwa kufuata tofauti zao ndogo ndogo hutoa kitu kama ukoo: nani amezaliwa na nani, na mababu walikuwa wapi. Ukoo huo ulionyesha kwamba milipuko ya Afrika tangu mwaka 1970 haikuzaliwa katika maziwa na mito ya Afrika. Ilitokana na angalau mara 11 ambazo bakteria waliletwa barani kutoka nje, na chanzo chake cha mbali kikiwa Asia, kisha wakapita kutoka nchi hadi nchi pamoja na watu. Waandishi wa utafiti huo walihitimisha kwamba mambo ya binadamu yana uzito mkubwa kuliko hali ya hewa na mazingira. Ziwa linaweza kumbeba bakteria aliyemwagwa ndani yake, na anayekunywa maji yake bila kuyachemsha anajitia hatarini, lakini si ziwa linalozaa ugonjwa.

MAMA MCHUUZI: Jibu hilo lilitoka mwaka 2017, na sokoni halijafika.

Ni vigumu kuipinga kauli hiyo. Mashine ya kusoma jenomu imetoa ushahidi ulio upande wa bomba la maji, wala si upande wa mashine zaidi, na ushahidi huo ulipaswa kuwa mikononi mwa kila chifu na kila mkuu wa zone ya afya anayeamua kama ataufunga ufuko au ataisumbua Regideso. Kwamba haukufika si kosa la mashine inayosoma DNA. Ni kosa la utaratibu mzima wa utafiti, ambao huona kazi imekwisha makala inapochapishwa kwa Kiingereza.

MWALIMU: Tatizo hilo ni la zamani kuliko mashine. Mwaka 1976, Ebola ilipozuka Yambuku, damu ya mtawa mgonjwa ilisafirishwa ndani ya chupa ya thermos kutoka Kinshasa hadi Antwerp, na huko ndiko virusi vilikoonekana mara ya kwanza kwa hadubini. Kwa miaka mingi dunia ikawakumbuka waliofungua chupa kuliko Jean-Jacques Muyembe, daktari Mkongo aliyekwenda Yambuku na kuchukua damu za wagonjwa kwa mikono mitupu. Baadaye Muyembe huyo huyo alishirikiana na Wamarekani kuchukua damu ya mtu aliyenusurika Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995. Katika damu hiyo ikapatikana kingamwili, yaani protini ya mwili inayokamata virusi, na kutoka kwake ikatengenezwa dawa ya mAb114. Jaribio lililofanyika Kongo kuanzia Novemba 2018 kwa wagonjwa 681 lilionyesha kwamba dawa hiyo na nyingine moja zilipunguza vifo kuliko dawa nyingine mbili zilizojaribiwa pamoja nazo. Desemba 2020 mamlaka ya Marekani iliiidhinisha kwa jina la Ebanga, na leseni yake iko kwa kampuni ya Miami. Damu ni ya Kikwit, jaribio ni la Kivu Kaskazini, cheti kiko Florida.

MTAFITI: Mwalimu aikamilishe habari hiyo. Bila maabara ya Marekani kingamwili hiyo ingebaki katika damu ya mtu mmoja. Na hali ya mwaka 1976 si ya leo: katika mlipuko wa 2018 hadi 2020 jenomu za Ebola zilisomwa na Wakongo wenyewe ndani ya nchi, na Februari 2021 ugonjwa ulipozuka tena Kivu Kaskazini, usomaji ulionyesha kwamba virusi vilitokana na mlipuko uliotangulia, kupitia mtu aliyenusurika, si kwa mnyama mpya. Habari ya namna hiyo hubadilisha kazi ya wahudumu siku hiyo hiyo: wanaacha kumtafuta popo na kuanza kuwafuatilia walionusurika, kwa heshima na bila kuwanyanyapaa.

MWALIMU: Kwamba kuna mabadiliko hakuna anayekataa. Linalodaiwa ni kwamba anayetoa damu au kinyesi Mboko aelezwe kwa Kiswahili au Kibembe sampuli yake inakwenda wapi, itahifadhiwa muda gani, na jibu lake litarudi kwa njia ipi. Ridhaa inayotolewa kwa kusaini karatasi ya Kifaransa ambayo msainiji haisomi ni sahihi tu, haijawa ridhaa.

Juu ya njia ya kurudi, na hata ya kwenda, vita vimeandika sura yake. Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma, ambako INRB ina maabara, na Februari wakaingia Bukavu. Viwanja vya ndege vya Goma na Kavumu vikawa mikononi mwao, na Desemba mwaka huo waliingia Uvira. Mpango wowote wa utafiti unaochora mshale kutoka Fizi hadi Goma na kutoka Goma hadi Kinshasa kana kwamba barabara ni mstari ulionyooka haukuandikwa na mtu aliyewahi kusafirisha kitu katika nchi hii.

MUUGUZI: Ndiyo maana mashine inayofaa hapa ni ile inayotoa jibu bila kuisafirisha sampuli. Kuna GeneXpert, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2010 kwa kifua kikuu: mhudumu hutia sampuli katika katriji, kijisanduku cha plastiki chenye vitendanishi vyote ndani yake, hufunga mlango, na mashine hufanya PCR yenyewe. Mashine hiyo hiyo, ikiwekewa katriji nyingine, hupima mpox kwa muda usiofika saa moja. Lakini katriji inataka kuhifadhiwa kati ya digrii 2 na 28, na mchana wa kiangazi kando ya ziwa chumba cha mabati hupita hapo. Inataka umeme usiokatika katikati ya kazi. Na inataka bei: katriji ya kifua kikuu ilishushwa mwaka 2023 hadi chini ya dola 8 baada ya miaka ya madai ya mashirika ya wagonjwa, ilhali ya mpox ilitangazwa kwa karibu dola 20 katikati ya dharura. Docta aje na mashine, aje pia na sola, friji, na ahadi ya maandishi ya nani atanunua katriji mwaka wa tatu, mradi ukiwa umefungwa.

MTAFITI: Madai hayo ni ya haki, na mtafiti anayeyakwepa hafai. Lakini bila uthibitisho wa maabara hata bomba halitetewi, wala chanjo. Uvira ilipata chanjo ya kipindupindu mwaka 2020. Kwa kuwa wagonjwa waliendelea kupimwa, ilijulikana kwamba hata aliyepata dozi moja tu alikuwa na kinga ya takriban asilimia 53 baada ya mwaka mmoja hivi, na takriban 45 hata katika mwaka wa tatu. Wakati huo dunia ilikuwa imepungukiwa chanjo, na tangu Oktoba 2022 nchi zilikuwa zikitoa dozi moja badala ya mbili. Namba za Uvira ndizo zilizoonyesha kwamba uamuzi huo haukuwa wa kubahatisha.

MAMA MCHUUZI: Dozi moja inakinga nusu ya watu. Maji ya bomba yanakinga wote, hata aliyesahau kuchanjwa.

Mtafiti hakujibu hapo, na hakuwa na la kujibu, ingawa kauli ya mama huyo ina upungufu wake: bomba linalokauka kila umeme unapokatika halimkingi yeyote, kama madaftari ya Uvira yalivyoonyesha, na kujenga mtambo wa maji kunachukua miaka ilhali chanjo inamezwa leo. Lakini kwa utaratibu wa vipaumbele yuko sahihi. Hakuna ushahidi wa kisayansi, wa kale au wa mwaka jana, unaoruhusu mashine ya vinasaba ije kabla ya maji katika mji wenye kipindupindu cha kudumu. Na mtafiti aliye mwaminifu kwa jenomu alizozisoma anapaswa kuwa mtetezi wa kwanza wa bomba.

Hukumu ya mjadala, basi, haiwezi kuwa moja kwa magonjwa yote. Kwa mpox, ambayo hubadilika na ambayo imeshaonyesha Kamituga kwamba inaweza kukiponyoka kipimo kilichoandaliwa kwa ajili yake, usomaji wa jenomu ni wa lazima, na ufanyike katika miji ya mkoa huu wenyewe na Wakongo waliofunzwa, si kwa kungoja wageni wa msimu. Muuguzi anayesema kwamba mgonjwa wake hakubadilishiwa chochote anasahau wagonjwa wa miji mingine ambao kipimo kingewapoteza. Kwa kipindupindu, Mboko haihitaji mashine ya kusoma. Inahitaji kijiti cha dakika 15, rejista iliyoandikwa kila siku, chumvi ya kurudisha maji mwilini, na hesabu itakayounganisha rejista hiyo na daftari la maji. Sampuli chache zisafirishwe kusomwa ili ijulikane bakteria wametoka upande gani wa ziwa na wamezoea dawa zipi, na GeneXpert iwekwe pale ambapo umeme na katriji vina mwenye dhamana ya kuvilipia.

Sharti moja halina ubishi kati ya sauti zote nne, ingawa kila moja ilifika kwake kwa njia yake. Mratibu wa mradi wowote unaochukua sampuli Fizi, Baraka au Mboko aandike katika mpango wake, kabla kamati ya maadili haijatia saini, jina la kituo cha afya kitakachopokea majibu, tarehe ya mwisho ya kuyapokea, na lugha yatakayoelezwa; na kamati isiyoona mstari huo iurudishe mpango ulikotoka.